Maswali Matano Ndani ya Neno Moja

Machi 2023 Shirikisho la Riadha Duniani lilitangaza maamuzi mawili kwa mkupuo. La kwanza liliwahusu wanawake transjenda, yaani watu waliozaliwa wakahesabiwa wavulana na sasa wanaishi kama wanawake: aliyepitia balehe ya kiume hatashiriki tena mashindano ya kimataifa ya wanawake. La pili liliwahusu wanawake ambao tangu tumboni miili yao haikukua kwa njia iliyozoeleka ya kike, na ambayo hutengeneza kwa wingi testosteroni, homoni ya kiume. Hao wangeruhusiwa kukimbia, ila kwanza washushe homoni hiyo hadi chini ya nanomoli 2.5 kwa lita na ikae hapo kwa miezi 24. Makundi mawili, masharti mawili, sababu mbili. Kwa wengi walioipokea, hata hivyo, habari ilibaki moja: wanaume wameondolewa kwenye mbio za wanawake.

Jina linalovutwa kila mjadala huo unapozuka ni la Caster Semenya, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, na mara nyingi huitwa transjenda. Semenya hajawahi kubadili jinsia. Alizaliwa akaandikishwa msichana, akalelewa msichana, na mpaka leo anasema yeye ni mwanamke. Mwili wake, kama alivyoeleza mwenyewe hadharani, hauna mji wa mimba na una korodani zilizobaki ndani. Na amefunga ndoa na mwanamke.

Mtu mmoja huyo amebeba maswali matatu, na jibu la moja halikupi jibu la jingine. Mwili wake ulizaliwaje? Mwenyewe anajijua kuwa nani? Anampenda nani? Kuna mengine mawili tunayoyaongeza bila kujua kwamba tumeyaongeza: mtu anavaa na kujiweka vipi mbele za watu, na amewahi kulala na nani. Istilahi zote zinazotuchosha vichwa, kuanzia huntha, yaani aliyezaliwa na viungo vya uzazi visivyo wazi, mpaka transjenda, kuanzia msagaji mpaka hizo zinazotoka kila mwaka, ni majibu ya moja au jingine kati ya maswali hayo matano. Kila neno lina swali lake. Ukilitoa kwenye swali lake na kulijibia jingine utapata sheria mbovu, utafiti unaosomwa kinyume, na wazazi wanaoelezwa mambo ya mtoto wao ambayo hakuna aliyeyachunguza.

Kwa anayeandika Kiswahili kazi ina ugumu wake, maana neno jinsia tumelibebesha karibu kila kitu. Wanaofundisha masuala haya hutenganisha jinsi, yaani uke au ume wa mwili, na jinsia, yaani majukumu, mavazi, mamlaka na matarajio ambayo jamii huyafungamanisha na mwili huo. Naiunga mkono tofauti hiyo, ingawa fomu nyingi bado huandika "jinsia" na kutaka ujaze me au ke. Juu ya hapo tumeweka "utambulisho wa kijinsia" kwa maana ya mtu anavyojijua, na "mwelekeo wa kijinsia" kwa maana ya nani anamvutia. Msomaji anayeona "kijinsia" kotekote ana haki ya kudhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ndiyo maana mimi huandika mwelekeo wa kimapenzi, na nitaendelea hivyo hapa.

Maneno ya zamani hayakutusaidia sana. Hanithi, kwa matumizi ya wengi, ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Ni yeye pia anayesemwa kuwa ana mwenendo wa kike, na ni yeye pia anayelala na wanaume. Maradhi, mwonekano na tendo vimefungwa kwenye tusi moja. Shoga ni jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike wa karibu, na bado wapo wanaoitana hivyo asubuhi na jioni bila maana nyingine yoyote. Akiitwa mwanamume, limeshakuwa kesi.

Lenye nidhamu ni huntha. Limetoka kwenye Kiarabu cha mafakihi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, ambao kwa karne nyingi walilazimika kuamua mtoto mwenye viungo visivyo wazi atarithi kama mwana wa kiume au wa kike. Waliangalia mkojo unatokea wapi, wakasubiri dalili za balehe, na iliposhindikana kabisa wakamwita huntha mushkil. Kwa madhehebu ya Shafii, kila mrithi hupewa fungu lake la yakini na kinachobaki husimamishwa mpaka hali ibainike. Madhehebu mengine yana hesabu zao. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya hesabu hizo, ila utaratibu ulikuwa safi. Liliulizwa swali la mwili, likajibiwa kwa mwili. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kumchunguza mtoto viungo atajua siku moja atampenda nani.

Mahali pamoja Kiswahili kimetuponya: yeye ni yeye. Ugomvi wa viwakilishi unaowatoa jasho wasemaji wa Kiingereza na Kijerumani kwetu haupo, mpaka tufike kwa kaka na dada, mjomba na shangazi.

Mchanganyiko huu si dalili ya ujinga wa watu wasiosoma. Uliasisiwa na wasomi, tena watetezi. Agosti 1867 mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kutaka sheria zinazowaadhibu wanaume wanaopendana zifutwe. Walimpigia kelele hadi akashuka jukwaani kabla ya kumaliza. Ulikuwa ujasiri wa kipekee, lakini nadharia aliyoitumia ilikuwa kwamba mwanamume anayependa mwanamume ana roho ya kike ndani ya mwili wa kiume. Maana yake ni kwamba ukipenda wanaume lazima uwe mwanamke kwa namna fulani. Swali la mvuto limejibiwa kwa jibu la utambulisho. Aliyekuja na istilahi ya kitaalamu iliyodumu, homosexual, ile inayotaja tu kwamba wapendanao ni wa jinsi moja bila kugusa roho zao, alikuwa mwandishi wa Hungaria, Karl Maria Kertbeny, kwenye barua aliyomwandikia Ulrichs mwaka 1868 na kisha kwenye vijitabu vya 1869 vya kupinga sheria ya Prussia.

Ilichukua miongo minne zaidi kabla ya daktari wa Berlin, Magnus Hirschfeld, kuandika mwaka 1910 juu ya watu wanaovaa mavazi ya jinsi nyingine, na kuonyesha kwamba wengi wa wanaume aliowachunguza walipenda wanawake, wengine wana wake na watoto. Gauni halikuwa limesema lolote juu ya mapenzi. Taasisi aliyoifungua mwaka 1919 ilivamiwa na wafuasi wa Nazi Mei 1933, na vitabu vyake vikachomwa moto hadharani siku chache baadaye. Wazo la Ulrichs halikuhitaji kuchomwa, kwa kuwa linaishi. Ndilo linalomfanya mtu akutane na wanandoa wawili wanaume na kuuliza ni yupi mke.

Anayetaka kuona tofauti ya utambulisho na mwelekeo ikiandikwa kwenye sheria ya nchi aitazame Iran. Huko mwanamume akilala na mwanamume anaweza kuhukumiwa kifo. Huko huko, tangu fatwa ya Ayatollah Khomeini katikati ya miaka ya 1980, iliyotolewa baada ya mwanamke transjenda aitwaye Maryam Khatoon Molkara kumfuata mwenyewe kumweleza hali yake, upasuaji wa kubadili jinsia ni halali. Anayefanyiwa hupewa hati mpya na huweza kuoa au kuolewa kwa jinsia yake mpya. Kwa msomaji anayedhani "haya mambo yote ni yale yale", hii ni ajabu isiyoeleweka: serikali inayonyonga kwa lile na kutibu kwa hili. Inaeleweka pale tu ukikubali kwamba ni maswali mawili.

Ila Iran inaonyesha pia hatari ya pili. Maadamu mlango mmoja uko wazi na mwingine umefungwa kwa kifo, mashirika ya haki za binadamu yameripoti wanaume na wanawake wanaopenda jinsi yao wakisukumwa kuelekea kwenye upasuaji ambao hawakuuhitaji, ili mapenzi yao yahesabiwe kuwa ya mume na mke. Watu hao hawakuwa na tatizo lolote na miili yao. Ni Ulrichs tena, safari hii akiwa na kisu mkononi.

Sasa tuingie kwenye utambulisho wenyewe, ambao ndio mgumu kuliko yote kwa sababu hauonekani wala haupimwi maabara. Kisa kinachorudiwa zaidi kilianzia Winnipeg, Kanada, mwaka 1966. Mtoto wa miezi minane, mmoja wa mapacha wa kiume, aliunguzwa uume kwa mashine ya umeme wakati wa tohara, na haukuweza kuokolewa. Wazazi walimfuata mwanasaikolojia John Money wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye tangu 1955 alikuwa akifundisha kwamba nafasi ya mtu kama mwanamume au mwanamke hujengwa zaidi na malezi. Alishauri mtoto afanyiwe upasuaji na alelewe kama msichana. Bruce akawa Brenda. Kwa miaka mingi Money aliandika kwamba mambo yamekwenda vizuri, huku yule pacha aliyebaki mvulana akitumika kama kielelezo cha kulinganishia. Brenda alichana magauni, alikojoa amesimama, alikataa upasuaji uliofuata. Alipofika miaka 14 baba yake alimweleza ukweli, naye akachukua jina la David na kuishi kama mwanamume, akaoa. Alijiua mwaka 2004, akiwa na miaka 38.

Wanaopinga watu transjenda hukisoma kisa hiki hivi: mwili haudanganyiki, aliyezaliwa wa kiume ni wa kiume. Watetezi wao hukisoma hivi: mtu anajijua ndani yake, na hakuna gauni, homoni wala mamlaka ya wazazi yatakayomfanya ajijue vingine. Nimesoma pande zote mbili na naona kila upande umechukua nusu. Kwanza ni mtu mmoja, aliyepitia mengi mengine yenye kuumiza, na mtu mmoja hathibitishi nadharia ya binadamu wote. Lakini kisa kinabomoa kitu kimoja kwa hakika: dhana ya Money kwamba watu wazima wakishaamua jibu la swali la mwili, swali la nafsi litafuata kama mkia. Kile ambacho daktari wa akili Robert Stoller alikipa jina mwaka 1964, utambulisho wa kijinsia, ni hiki hasa: ile hisia ya ndani ya kuwa mwanamume, mwanamke, au kutokuwa kamili upande wowote, ambayo kwa wengi wetu hulingana na mwili kiasi kwamba hatujawahi kuigundua.

Hao wengi wana jina pia, sisjenda, lililoanza kuzunguka miaka ya 1990. Wapo wanaolichukia wakidhani wametukanwa. Ni jibu tu la swali lile lile, upande wa pili.

Kuna jambo ambalo madaktari walichelewa kulitenganisha: kuwa transjenda, na kuteseka kwa kuwa transjenda. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliacha kuuita utambulisho wenyewe ugonjwa, ukabakiza jina kwa ajili ya ule mfadhaiko mkali ambao baadhi huupata. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lilihamisha hali ya kutolingana kwa jinsia kutoka sura ya matatizo ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kujamiiana, ili tiba ipatikane bila mtu kuitwa mgonjwa wa akili. Orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Mapenzi ya jinsi moja yalikuwa yameshaondolewa zamani: kwenye mwongozo wa Marekani mwaka 1973, kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani tarehe 17 Mei 1990. Ni miaka karibu thelathini kati ya maamuzi hayo mawili ya shirika hilo, kwa kuwa yalikuwa mambo mawili. Anayesema "walishapitisha kwamba si ugonjwa" inabidi aulizwe: kipi, na lini?

Swali ninaloona linapuuzwa zaidi ni la tano, la tendo. Juni 1981 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani iliripoti vijana watano wa kiume mjini Los Angeles waliopata nimonia isiyo ya kawaida. Wote walikuwa wapenzi wa jinsi moja. Kwa muda baadhi ya madaktari waliuita ugonjwa huo upungufu wa kinga wa mashoga. Jina hilo lilikuwa la kundi la watu, wakati kirusi hakijui kundi. Kinajua damu na majimaji ya mwili. Waliokuwa wakipewa damu hospitalini wakaanza kuugua, na wenye hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, na wanawake, na watoto wachanga. Septemba 1982 jina likabadilishwa kuwa AIDS, ambalo kwa Kiswahili ni UKIMWI, lakini wazo kwamba ni ugonjwa wa aina fulani ya watu lilikuwa limeshaingia vichwani, na kila aliyejiona si wa aina hiyo alijiona salama.

Hapo ndipo wahudumu wa afya walipoanza kusema "wanaume wanaojamiiana na wanaume", istilahi ndefu inayochekwa na wengi kama tafsida ya kiofisi. Si tafsida. Mwanamume mwenye mke na watoto watatu, anayelala na wanaume safarini na hajioni kuwa shoga hata kidogo, ukimuuliza "wewe ni shoga?" atasema hapana, na atakuwa amesema kweli kwa jinsi alivyolielewa swali. Ukimuuliza "katika miezi sita iliyopita umejamiiana na mwanamume?" utapata unachohitaji ili kumpima na kumlinda yeye na mkewe. Kijana ambaye hajawahi kumgusa mtu, lakini anajua moyo wake unakwenda wapi, ana mwelekeo bila tendo. Mfungwa wa kifungo kirefu anaweza kuwa na tendo bila mwelekeo. Mtafiti wa Marekani Alfred Kinsey alipochapisha kipimo chake mwaka 1948, kuanzia 0 kwa anayevutiwa na jinsi nyingine pekee hadi 6 kwa anayevutiwa na jinsi yake pekee, aliweka pamoja matendo na hisia kwenye mstari mmoja. Hatua kubwa kwa wakati wake, na chanzo cha takwimu nyingi ambazo hadi leo hazisemi zimehesabu nini.

Mfano mzuri zaidi ni wa karibuni. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 470,000, mkubwa kuliko wowote uliotangulia. Vichwa vya habari vikasema hakuna jeni ya ushoga. Waliokuwa wakihubiri kwamba ushoga ni tabia ya kujifunza walishangilia. Waliosema ni wa kuzaliwa nao wakasoma zaidi, wakakuta kwamba tofauti nyingi ndogo ndogo za vinasaba kwa ujumla wake zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti baina ya watu, nao wakashangilia. Lakini washiriki waliulizwa nini? Waliulizwa kama wamewahi, hata mara moja maishani, kujamiiana na mtu wa jinsi yao. Hilo ni tendo. Linamweka kapu moja mtu aliyejaribu mara moja akiwa chuoni na mtu ambaye hajawahi kumpenda mwingine ila wa jinsi yake, huku linamwacha nje yule kijana wetu ambaye hajagusa mtu. Vinasaba vya kuthubutu mambo mapya vinaweza kuwa vimo humo ndani, na watafiti wenyewe walitaja uhusiano wa namna hiyo. Watu waligombania mwelekeo kwa kutumia takwimu za tendo, na wachache walirudi kusoma swali.

Kwa Kiswahili tendo lina mtego mwingine, mbaya kuliko yote. Neno ulawiti linatumika kwa watu wazima wawili waliokubaliana, na linatumika kwa mtu mzima aliyemnajisi mtoto. Gazeti likiandika "mwalimu atuhumiwa kulawiti", msomaji hujaziwa kichwani picha ya shoga, na mjadala unaofuata unakuwa juu ya mashoga badala ya mtoto aliyeumizwa. Kumwingilia mtoto ni ukatili, haijalishi mtoto ni wa kike au wa kiume, na hautuambii mkosaji anawapenda watu wazima wa jinsi gani. Wanaume wengi wanaowadhuru wavulana wana wake. Tunapoandika kulawiti pale tulipopaswa kuandika kubaka mtoto, tunamficha mhalifu nyuma ya kundi zima, na mzazi anaanza kumwangalia mwanamume mwenye sauti nyembamba huku akimwamini mwenye ndoa na heshima zake.

Sheria nyingi zina mtego huo huo kwa kuandikwa hivyo tangu mwanzo. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India, ya mwaka 1860, ambacho Waingereza walikisambaza kwenye makoloni yao mengi kwa maneno yanayofanana, kiliadhibu kujamiiana "kinyume cha maumbile" bila kuuliza kama kulikuwa na ridhaa, wala kama mwenzi alikuwa mtu mzima, mtoto au mnyama. Mahakama ya Juu ya India ilipokitengua tarehe 6 Septemba 2018, haikukifuta chote. Ilitoa nje watu wazima walioridhiana na kukiacha kiendelee kufanya kazi kwa watoto, kwa wasioridhia na kwa wanyama. Mtu anaweza kuikataa hukumu hiyo kwa imani yake. Hawezi kusema majaji waliruhusu watoto kunajisiwa, na wako waliosema hivyo.

Kuhusu herufi, zile L, G, B, T, Q, I na ndugu zake, sina mengi. Ni muungano wa kisiasa, kama vyama vinavyosimamisha mgombea mmoja. L (wasagaji), G (mashoga) na B (wanaovutiwa na jinsi zote mbili) hujibu swali la mvuto, T (transjenda) hujibu la utambulisho, I (huntha) hujibu la mwili, na wanaoishi chini ya herufi hizo hugombana wao kwa wao kuliko watu wa nje wanavyodhani. Februari 2014 mtandao wa Facebook uliwapa watumiaji wa Marekani zaidi ya majina 50 ya kujitambulisha kijinsia. Nyingi zilikuwa tahajia tofauti za jambo moja. Vijana wanaobuni istilahi mpya wanatafuta pa kusimama, na sioni ubaya, ila anayejifunza asianze na orodha hiyo. Akianza na maswali, majina mengi yatajipanga yenyewe.

Hata "jinsia ya tatu", inayosikika kama jibu rahisi, haina maana moja. Mahakama ya India ilipoitambua mwaka 2014 ilikuwa na mahijra mbele yake, jamii yenye historia ndefu, ibada zake na viongozi wake, na wengi wao walizaliwa na miili ya kiume ya kawaida. Ujerumani ilipoweka chaguo la tatu kwenye vyeti mwishoni mwa 2018, ilifuata kesi ya mtu mwenye kromosomu zisizo XX wala XY, na mwanzoni ilikuwa kwa watu wa namna yake, wenye uthibitisho wa daktari. Upande mmoja utambulisho na jamii, upande mwingine mwili.

Na huyu wa mwisho, huntha, ndiye anayelipa gharama kubwa zaidi ya mkorogo wetu, kwa kuwa hulipa akiwa hajajua kusema. Kwa miongo mingi, kwa kufuata mafundisho ya Money, madaktari waliwapasua watoto wachanga wenye viungo visivyo wazi ili wafanane na upande mmoja, hata pale ambapo mkojo ulipita vizuri na uhai haukuwa hatarini. Wengine walikua wakagundua kwamba wamepoteza hisia, uzazi, au wamepelekwa upande ambao si wao. Malta ilipiga marufuku upasuaji huo usio wa lazima mwaka 2015, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2021 jimbo la Arkansas nchini Marekani lilipitisha sheria, ya kwanza ya aina yake huko, ya kuzuia homoni na upasuaji wa kubadili jinsia kwa walio chini ya miaka 18. Hoja ilikuwa kwamba mtoto hawezi kuamua jambo kubwa hivyo juu ya mwili wake. Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu kinachowatoa watoto waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa jinsi: hao daktari anaweza kuendelea kuwatibu na kuwapasua. Kijana wa miaka 16 anayeomba amezuiwa kwa kuwa ni mdogo mno kuamua, na mtoto wa miezi 6 ambaye hajaomba chochote ameachwa mezani kwa daktari wa upasuaji. Majimbo kadhaa yaliyofuata yaliweka msamaha kama huo.